Herufi Tatu Usoni kwa Baba

Nianze kwa kukiri, maana hapa Tarasaa hata nisipokiri mimi kuna mwingine atawasimulia, na huyo mwingine ataongeza chumvi mpaka mshindwe kula: ni kweli, mimi ndiye niliyemwandika baba yangu mzazi usoni kwa maka peni, herufi tatu kubwa, kama gunia la mahindi linalosubiri lori, na ni kweli alikwenda nazo mpaka kwenye baraza la chifu, akaketi mstari wa mbele. Na ni kweli pia kwamba chanzo cha yote kilikuwa mwanamume. (Haya, chekeni kwanza mmalize, ndipo tuendelee.)

Mimi naitwa Rehema. Nina duka dogo kando ya barabara ya Garsen kwenda Malindi, dirisha moja la waya, mlango mmoja wa pembeni, unga, sukari, sabuni, vocha, na vile vitu vidogo vidogo ambavyo mtu havikumbuki mpaka amevua shati. Nina miaka thelathini na tisa na sijaolewa. Sisemi hivyo kwa kulalamika, ila mambo haya yalinipita kama magari yanavyonipita hapa barabarani: nasikia honi, natoka mbio nikifuta mikono kwenye leso, nakuta imebaki harufu ya moshi tu. Mama alipofariki ndugu zangu walikuwa wameshahamia Mombasa na wake zao, na mwaka uliofuata baba akapatwa na ugonjwa wa kupooza, mkono wa kulia ukalala na haukuamka tena, na mtoto wa jicho naye akamjia juu ya hayo, kwa hiyo mtu wa kubaki alikuwa nani? Nikabaki. Mtu akiniuliza kama nilichagua, sijui nimjibu nini.

Sasa baba, Mzee Komora, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi miaka yote ya nguvu zake, na ni mwalimu wa zamani, wale wa shati kuchomekwa na kidevu kung'aa. Alikuwa akisema mwanamume asiyenyoa Jumamosi anakwenda kumwonyesha Mungu uso wa Ijumaa. Ule mkono ulipolala, kitu cha kwanza alicholilia hakikuwa kalamu, wala jembe, zilikuwa ndevu. Kwa kinyozi hataki (anasema mashine ya umeme inakuna kama kuku), anataka mashine yake mwenyewe, ile ya chuma ya zamani, ambayo unazungusha mkia wake kichwa kinafunguka, unalaza wembe katikati, unafunika, unakaza. Basi nikajifunza. Miezi ya kwanza nilimkata sana, maskini, anakaa tu amefumba macho nami nambandika shabu kwenye majeraha, naye hasemi kitu ila, "Polepole, Rehema, huu si kiazi."

Lakini nikajua. Nikajua kwamba kitambaa cha maji ya moto kinakaa shavuni kwanza mpaka ngozi ilegee, sabuni inasuguliwa kwenye kikombe kwa brashi mpaka povu lisimame lenyewe, unavuta ngozi kwa mkono mmoja na kwa mwingine unauacha uzito wa chuma ufanye kazi, hukandamizi, unafuata kwanza ndevu zinakolalia, halafu povu la pili unakwenda kinyume. Miaka sita nimefanya hivyo kila Jumamosi. Naweza kusema bila kujisifu kwamba kuanzia Garsen mpaka Kulesa hakuna mwanamke anayejua uso wa mwanamume ninavyoujua mimi, na uso wenyewe ni mmoja tu, wa baba yangu, na hapo ndipo palipokuwa na uchungu ambao sikuwa nimemwambia mtu.

Baada ya mvua ndefu wakaja watu wa vipimo. Mnakumbuka maji yalivyotutoa kwenye mashamba ya mtoni. Basi ikasemwa litajengwa tuta la kuyazuia, na kabla ya tuta wakaja hawa na vijiti vyao vya rangi nyekundu na nyeupe, wakapanga vyumba Garsen, kila asubuhi wanashuka huku kupima. Mmoja wao alikuwa Kazungu, Mgiriama wa upande wa Malindi, mtu wa makamo, mrefu, mpole, na siku ya kwanza aliyosimama kwenye dirisha langu akasema, "Mama, una nyembe?"

Nikamwambia, "Nyembe ninazo. Mama sina."

(Sijui lilitoka wapi. Mimi si mtu wa majibu.)

Akacheka, akainamisha kichwa kidogo kama mtu aliyekanyaga mkeka wa wenyewe na viatu, akasema, "Nisamehe, dada." Kuanzia siku hiyo nikawa Dada Rehema. Kila Ijumaa jioni, wenzake wakipitiliza kwenda Garsen, yeye anazima pikipiki, anakuja dirishani, ananunua pakiti moja, na anasimama. Hanunui kingine, anasimama tu. Atauliza mzee anaendeleaje, ataniambia mto umepanda au umeshuka, ataniambia kwao wanapika nini msimu huu. Kidevu chake kimejaa mikato midogo, kwa sababu naye alikuwa akitumia mashine kama ya baba, aliachiwa na babu yake, na hakuna aliyemfundisha. Nilikuwa nikiiangalia ile mikato na vidole vinaniwasha. Ilifika mahali siku ya Alhamisi nasuka nywele upya, Ijumaa nafuta waya za dirisha mara mbili, na kila pikipiki inayopunguza mwendo naijua kwa sauti kama ni yake au si yake, na mara nyingi haikuwa yake.

Halima alikuwa akiona yote. Halima ni Muorma, anauza maziwa kwenye kivuli cha duka langu, karibu na mlango, yeye na vibuyu vyake, na macho yake hayana kazi nyingine maziwa yakipungua. Aliniambia, "Rehema, wewe nataka huyu mtu. Sema. Mdomo iko ya nini?" Nikamwambia aache upuuzi, ni mteja tu. Akasema, "Mimi niko na wateja wengi. Hakuna hata moja mimi nasuka nywele kwa sababu yake."

Basi Ijumaa moja Kazungu akazinyooshea kidole pakiti zangu tatu zilizopangwa kwenye waya, ya kijani, ya manjano na nyekundu, akaniuliza, "Dada Rehema, wewe unaona upi ni mzuri hasa? Kila nikinunua nabahatisha, na uso ndio huu."

Hapo ndipo mkasa ulipoanza. Ningeweza kumjibu kama ninavyowajibu wote, kwamba wa kijani ndio unaotoka sana, akachukua, akaenda, na leo nisingekuwa na hadithi. Lakini mtu alikuwa ameniuliza mimi ninaonaje. Si bei gani, si kuna salio gani, si baba yako amelala: wewe unaona upi. Kifua kikanijaa, nikasema kwa sauti ya mtu mwenye ofisi, "Nipe mpaka Ijumaa ijayo. Nitakuambia kwa hakika."

"Kwa hakika?"

"Kwa hakika."

Akatabasamu, akaondoka bila kununua wembe, yaani wiki nzima hatanyoa, ananisubiri mimi. Mnaelewa hali niliyokuwa nayo?

Jumamosi nikamkalisha baba uani mapema. Nilikuwa nimewaza usiku kucha namna ya kulinganisha kwa haki, nikaona siwezi kunyoa wa kijani wiki hii na wa manjano wiki ijayo, maana ndevu hazilingani kila wiki, na Ijumaa ni karibu. Uso mmoja, siku moja, sabuni moja, maji ya joto moja. Nikamgawanya baba mafungu matatu: shavu la kulia wembe wa kijani, kidevu wa manjano, shavu la kushoto wa nyekundu.

Akahisi mara moja. Nilipobadilisha wembe kwa mara ya pili akauliza, "Leo mbona unafungua na kufunga kama mtu anayetafuta stesheni ya redio?"

Nikamwambia kuna mteja ameuliza wembe upi ni bora.

"Mteja gani?"

"Yule bwana wa vipimo."

Baba akasema, "Mmh," na ile mmh ilikuwa ndefu, lakini baada ya hapo akaingia kazini kwa moyo wote, nawaambia, hajapata kufurahi hivyo tangu astaafu. Wa kijani akasema ni mkali lakini hauna adabu, unapita halafu unaacha moto nyuma. Wa nyekundu akasema, "Huu unavuta. Huu haunyoi, huu unabembeleza kila ndevu iondoke kwa hiari yake." Wa manjano nilipoupitisha chini ya mdomo, pale penye kona, akawa anasikiliza ile sauti ndogo ya ndevu zinavyokatika, kisha akauliza, "Umeanza?" Nikamwambia nimeshamaliza. Akajipapasa kidevu kwa mkono wa kushoto. "Aa," akasema, "sasa huyu ni mwalimu."

Na mimi muda wote huo nimeshika uso wa baba yangu, nimeinama, pumzi yangu iko karibu na shavu lake, na nikajikuta nawaza uso mwingine. Niliona aibu peke yangu hapo uani. Nilikuwa nawaza kama ngozi yake ni laini au ngumu, kama ndevu zake zinalalia chini au zinazunguka kwenye shingo kama za baba, na kwamba mtu kama yule, aliyejikata miaka yote, huenda hajawahi kukaa kwenye kiti akafumba macho, mwenzake akamnyoa vizuri.

Lakini kunyoa ni nusu ya jaribio. Nusu nyingine ni kesho yake: ni wapi pametoka vipele, ni wapi ndevu zimerudi haraka. Nikaogopa nitasahau wembe upi ulipita wapi (kwa sababu nilijua akili yangu wiki ile haikuwa yangu), nikachukua ile maka peni nyeusi ya kuandikia magunia, nikamwambia, "Baba, naweka alama kidogo, herufi moja ndogo kwa kila rangi ya wembe, kesho asubuhi nitazitoa." Nikaandika K ndogo chini ya sikio. Lakini ngozi ya mzee ina mikunjo, K ikaingia kwenye mkunjo ikapotea. Nikaandika nyingine shavuni, kubwa zaidi. Halafu M kidevuni. Halafu N shavu la kushoto, nayo ili ilingane na K nikaifanya kubwa pia. Nikarudi nyuma nikaangalia kazi yangu. Nilipaswa kucheka, au kulia, au kuchukua kitambaa. Nilichofanya ni kusikia mteja anapiga hodi dukani, nikaenda.

Sasa kuna jambo sikulijua. Baraza la kuzungumzia lile tuta lilikuwa lifanyike Jumatatu, lakini wakubwa walikuwa na safari, likaletwa Jumamosi ileile, saa nane, kwenye uwanja wa shule. Na kwa kuwa tuta lilichorwa lipite karibu kabisa na mashamba ya wazee wa ukoo wetu, wakasema Mzee Komora lazima awepo. Jirani mmoja akaja na pikipiki kwa mlango wa nyumbani, akiwa na haraka, akamsaidia mzee kuvaa koti, akampakia. Kama aliona zile herufi aliona hazimhusu. Hapa kwetu mzee akiwa na jambo usoni, hulizungumzii mpaka yeye alizungumzie.

Mimi niko dukani napima sukari. Halima anatoka barabarani anakuja mbio, na Halima si mtu wa kukimbia.

"Rehema, baba yako mimi nimeona kwa pikipiki. Amepita na koti. Uso yake iko na maandishi kama gunia!"

"Amekwenda wapi?"

"Kwa baraza. Watu yote iko huko. Na ile mtu yako pia iko huko, ameshika karatasi kubwa."

Sikufunga duka. Nilichukua kitambaa, nikachukua chupa ya spiriti kwenye rafu (kwa sababu nilijua maji hayatoi maka peni, ona akili inavyokuja ikichelewa), nikakimbia na kandambili mpaka shuleni, na kandambili moja ikakatika njiani, nikaibeba mkononi.

Nilipofika uwanja umejaa. Chifu amesimama, Kazungu yuko kando yake na ile ramani imefunguliwa juu ya meza, ameiwekea mawe ili isipeperuke, na baba yangu ameketi mstari wa mbele, amejinyoosha, koti limefungwa vifungo vyote, uso unang'aa kwa kunyolewa, na juu ya uso huo, kutoka kulia kwenda kushoto kwake, K, M, N. Watu walikuwa hawamsikilizi chifu hata kidogo. Minong'ono ilikuwa ikipita kama nyuki. Na kwa kuwa siku zile kila mtu alikuwa na hasira juu ya mashamba, hakuna aliyefikiri kuhusu wembe. Mama mmoja nyuma yangu akasema kwa sauti ya kutosha, "Mzee ameandika. Hamuoni? Komora. Mashamba. Ng'o!"

Ikashika. Sijapata kuona kitu kikishika hivyo. Komora, Mashamba, Ng'o. Wanawake wa upande wa kushoto wakaanza kupiga makofi, Komora, Mashamba, Ng'o, wanaume wakasimama, chifu akainua mikono akisema, "Tulieni, tulieni, hapa hatujaja kwa maandamano," na Kazungu akaanza kukunja ramani yake polepole, anawaangalia watu, halafu anamwangalia mzee, na uso wake umebadilika, maana alimjua mzee kwa jina kupitia kwangu, na sasa aliona huyo mzee amejichora uso mzima kwa upinzani dhidi yake. Baba mwenyewe, na macho yake yale, alikuwa akigeuza kichwa huku na huku akiuliza, "Kuna nini? Wananiita?"

Ningesimama hapo nikaeleza. Mtu mwenye busara angesimama akaeleza. Mimi nilikimbia katikati ya uwanja, kandambili moja mguuni, nikapiga magoti mbele ya baba, nikalowesha kitambaa spiriti, nikamsugua shavu la kulia kwa nguvu. Shavu la kulia, lililonyolewa na wembe wa kijani, ule usio na adabu.

Baba akapiga ukelele uliosikika mpaka mtoni. "Uuuwi! Unaniunguza!"

"Wanamziba mzee mdomo!" mtu akapaza sauti. "Mwacheni aseme!" Makofi yakageuka kelele. Na ile K haikutoka, ilisambaa tu, sasa baba ana herufi mbili na shavu jeusi kama sufuria. Mtu akanishika bega kunivuta, nikamwambia mimi ni mwanawe, akasema ndiyo mbaya zaidi.

Hapo baba akasimama. Alijishika kwenye bega langu kwa mkono wake wa kushoto, akasimama wima, na ile sauti ya darasani ikatoka, sijaisikia miaka mingi.

"Nyamazeni!"

Wakanyamaza. Nusu yao aliwahi kuwachapa.

"Nimewafundisha wengi wenu kusoma," akasema, "na leo ndiyo najua kwamba sikufanya kazi vizuri. K ni kijani. M ni manjano. N ni nyekundu. Ni nyembe! Binti yangu hunyoa uso huu kila Jumamosi tangu mkono wangu ulale. Leo amenigawanya mafungu matatu, kwa sababu huyu bwana mwenye ramani alimwuliza wembe upi ni mzuri." Nikamvuta koti, nikamnong'oneza, baba, basi, baba, inatosha. Hakusikia, au alisikia. "Na binti yangu," akaendelea, "ni miaka mingi hajaulizwa kitu na mwanamume, kwa hiyo alitaka kujibu vizuri. Mambo ya shamba nitayasema kwa mdomo wangu zamu yangu ikifika. Sihitaji kuandikwa."

Akaketi.

Niliinua macho nikakutana na macho ya Kazungu, na sikuweza kuyasoma, kisha uwanja mzima ukapasuka. Watu walicheka mpaka wakaegemeana. Chifu mwenyewe aliyekuwa ameloa jasho alikaa kwenye meza juu ya ile ramani akicheka. Yule mama wa Ng'o alikuwa akijifuta machozi kwa ncha ya leso. Na sauti moja kutoka nyuma ikauliza, "Basi ni upi, jamani? Tuambieni na sisi!" Wengine wakadakia, upi, upi, na wote wakanigeukia mimi, nimepiga magoti mavumbini na chupa ya spiriti. Baba akanijibia.

"Wa manjano," akasema. "Lakini uwe na mkono kama wa huyu."

Sikusubiri zaidi. Niliinuka nikapita katikati ya watu, nikarudi dukani, nikafunga dirisha mchana ule wa Jumamosi, jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu msiba wa mama.

Jirani alimrudisha baba jioni. Nilimtoa zile herufi kwa mafuta ya nazi, taratibu, zikatoka bila shida yoyote (mafuta ya nazi, tena ya kupikia, yalikuwa jikoni siku zote). Mwishowe akauliza, "Nilikosea?"

"Hapana, baba."

"Nilisema kweli tu."

"Ndiyo, baba."

"Yule bwana hakucheka," akasema. "Mimi sioni vizuri, lakini nasikia. Alikuwa amesimama mkono wangu wa kulia, karibu kabisa. Wote walicheka. Yeye hakucheka."

Nililala na maneno hayo wiki nzima. Yangenitosha, kama ningekuwa mtu wa maana. Jumapili nilikwenda kanisani kwa njia ya nyuma. Jumatatu wateja wakaja kuliko siku zote, wengine wamenyoa, wananyoosha shingo dirishani wananiuliza, "Dada, hapa naonekana M au N?" Nikawauzia, nikacheka nao, lakini ndani nilikuwa nimeungua kuliko shavu la baba. Si kwa zile herufi. Kwa lile neno, kwamba ni miaka mingi hajaulizwa kitu. Lilikuwa kweli, na sasa Kazungu naye analijua, na niliona nikimwangalia tena ataniona kama chombo kilichosahaulika kabatini ambacho mtu amekishika kwa bahati mbaya.

Ijumaa ikafika. Saa kumi na moja kasorobo nikasikia pikipiki inapunguza mwendo, na nikaijua. Nilikuwa nimesuka nywele Alhamisi, siwadanganyi. Nilikuwa nimefuta waya. Jibu nilikuwa nalo tayari, nimelifanyia mazoezi mbele ya kioo: wa manjano, lakini kwanza maji ya moto, na usikandamize, na kama hujui kwenda kinyume kwenye shingo nitakuonyesha. Nilikuwa nayo yote. Pikipiki ikazimwa, nikasikia viatu kwenye kokoto, na miguu yangu ikafanya uamuzi wake yenyewe: nikachuchumaa, nikaingia nyuma ya magunia ya unga.

"Halima, habari za leo. Dada Rehema yuko?"

Halima akachungulia ndani kupitia mlangoni, akaniona. Nikamwekea kidole mdomoni, nikamtazama kwa macho ya kumwomba. Alinitazama muda mrefu.

"Ameenda Garsen," akasema.

"Atarudi saa ngapi?"

"Mimi sijui."

Kati ya gunia na gunia niliona kipande cha mlango, na kwenye kipande hicho viatu vyake, vimejaa tope la mtoni lililokauka. Havikuondoka. Goti langu lilikuwa limelalia kitu chenye ncha, unga unanipanda puani, na niliomba Mungu nisipige chafya, na wakati huohuo, naapa, niliomba nipige.

"Sisi kazi hapa imekwisha," akamwambia Halima. "Tunahamia juu, upande wa Hola, kesho asubuhi. Kutoka huko sijui watatupeleka wapi." Akaangalia dirishani. "Mwambie nilikuja. Mwambie nilitaka nisikie jibu kwake, siyo kwa mzee."

Viatu vikasimama. Gari likapita, jingine likapita. Viatu vikageuka nusu, vikarudi, kisha vikaenda, na nikasikia pikipiki ikikataa kuwaka mara ya kwanza, na mara ya pili, na mpaka leo najiuliza ni kwa nini hata nafasi ile sikuitumia. Mara ya tatu ikawaka.

Nilipotoka, Halima alikuwa anakusanya vibuyu vyake. Hakunicheka. Alisema, "Mtu imesimama hapa mpaka maziwa yangu imekuwa chachu. Na wewe iko ndani na unga kwa nywele." Akajitwisha, akaenda kwao, na siku mbili hakuniambia neno.

Mambo ya baraza yalisahaulika kabla ya mwezi kuisha. Ng'ombe wa mtu aliingia kwenye arusi ya mtu, akala keki, na Tarasaa ikapata jipya la kuzungumza. Sasa zile herufi hutajwa mara moja moja tu, na nikizisikia hata mimi nacheka. Aibu ile niliyoiogopa mpaka nikachuchumaa chini haikuishi hata majuma matatu. Kilichobaki ni Ijumaa. Ijumaa jioni bado natoka nje kidogo, nasema naangalia mvua. Nimeuliza watu wanaoshuka kutoka Hola, wengine wanasema watu wa vipimo walikwenda mbali zaidi, wengine hawajui ninamzungumzia nani. Baba huniambia kuna simu siku hizi, mtu hatafutwi akakosekana, nami namwambia namba yake sikuwahi kuichukua, maana nilijua atakuja Ijumaa.

Kwa hiyo nimeapa viapo viwili, na ninyi ni mashahidi. Cha kwanza ni chepesi: sitaandika tena kitu juu ya ngozi ya mtu, hata iwe nusu ya herufi. Cha pili ni hiki. Mtu akisimama kwenye dirisha langu akaita jina langu, hata kama uso umenichoma kwa haya, hata kama mji mzima umejipanga nyuma yake unacheka, nitainuka kutoka popote nilipo, nitajikung'uta magoti, nitasema, "Karibu. Nipo."